Maneno ya Siyu Niliyoyageuza

Dada yangu Mwanaesha,

Laiti ningekuandikia haya ukiwa hai. Ni wewe uliyenifundisha kuandika tulipofiwa na baba; ulinishika mkono juu ya ubao mpaka alifu yangu ikasimama wima. Kisha ukaolewa Siyu, nami nikabaki Amu, mji wetu wa Lamu, nikawa mkalimani wa Bwana Mkubwa wa serikali, Mzungu.

Wakumbuka asubuhi ile ulipokuja ofisini? Serikali ilikuwa imetenga fedha za mwalimu mmoja, na skuli ingefunguliwa Amu. Ulikaa mkekani na wazee wawili wa Siyu, buibui umelivuta hadi machoni, ukanambia: "Mwambie, kodi ya nyumba twalipa kama watu wa Amu. Nti ni moya, nchi yetu na yao. Mwalimu na akae kwao nusu ya mwaka, nusu akae kwetu. Chumba tutajenga wenyewe."

Lilikuwa jambo la haki, tena jepesi kulitafsiri. Lakini wanangu wawili walikuwa wameshaandikwa katika skuli ile, na nikaona nusu ya masomo yao inavuka maji kwenda Siyu. Nikamwambia Mzungu kwa Kiingereza kwamba watu wa Siyu wanatosheka na vyuo vyao vya Kurani, wamekuja kumwamkia tu. Akatabasamu, akaandika.

"Asemaje?" ukauliza.

"Asema msubiri."

Ukanishukuru, dada. Ukaniombea dua mbele ya wale wazee, nami nikaitikia amina.

Mkasubiri. Mkachoma chokaa, mkajenga chumba, ukasuka mikeka ya wanafunzi. Kila uliponiletea salamu uliulizia mwalimu, nami nikajibu bado. Wanangu wakapata kazi forodhani. Vijana wa Siyu wakaja ofisini kutia vidole wino kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, na mimi ndiye niliyewaonyesha pa kubonyeza.

Ulipofariki nilikwenda kwa Bwana Mkubwa mpya, nikamwambia ukweli. Akafungua jalada: Siyu imeandikwa haitaki mwalimu, na fedha zimeshapangwa kwingine.

Siku ya arubaini yako nilisimama katika chumba kile nikawaeleza watu yote. Nilitarajia matusi. Yule mzee aliyebaki kati ya wale wawili alisimama.

"Tulitaka kupeleka shauri letu kwa wakubwa Mombasa," akasema. "Mwanaesha akatuzuia. Kila mwaka akatwambia, 'Ya nini kuhangaika? Nduu yangu wa damu yuko pale.'"

Wakatoka wote, hakuna aliyenipa mkono.

Nimeacha kazi, dada. Sasa nakaa Siyu, nafundisha mle chumbani kile ninachokijua. Wamekuja wanafunzi watatu. Wazazi wa wengine wanapita mlangoni bila kugeuza uso, na sina haki ya kuwaita.

Mola akurehemu. Mimi nitakayekutana nawe mbele Yake nikiwa na haya,

Nduguyo.