Mama Yangu Si Insha

Mpendwa Shangazi Dorte,

Nisaidie kupitia safu yako gazetini, maana kuna sauti haijanitoka masikioni: barafu ya ziwa lililoganda ikiguna chini ya kibanda chetu cha kuvulia samaki, mguno mrefu kama wa ng'ombe aliyefungiwa mbali, na mama akicheka, kicheko chake cha kwanza tangu atoke gerezani. Chuo kikuu kimeshanikubali, ila nataka kuingia kwenye ule mpango wao wa wanafunzi bora, kwa sababu humo tu ndimo anayeanza mwaka wa kwanza huruhusiwa kufanya kazi kwenye maabara ya barafu, na kila anayeomba huandika insha ya jambo lililomjenga, basi nikaandika kwa nini barafu huimba, nikampa Bi. Kessler, mwalimu anayetuongoza kuomba vyuo, akasoma nusu akaisukuma kando. "Britta, mpenzi, barafu kila mtu hapa anayo. Wewe una mama aliyefungwa kwa vidonge vya kulevya. Hicho ndicho kitakachowaliza." Nikamwambia hicho si changu. "Aliyeishi nacho nani?" akauliza, na unajua mji wetu, mtu akifiwa huletewa mabakuli ya viazi na nyama hadi friji haifungi, lakini mama alipofungwa hatukuletewa hata kijiko, na sasa yeye mwenyewe ananiambia huku anasugua sufuria, bila kugeuka, "Andika tu, mwanangu. Angalau aibu yangu ikusomeshe." Nikikataa huenda nikaikosa maabara. Je, nimuuze?

Britta

Britta,

Anayeuliza "nimuuze?" ameshajua jibu, kwa hiyo usitumalizie wino. Pole kwa mabakuli yasiyokuja. Mji huu hupikia misiba yenye maua tu.

Lakini usijifanye shujaa. Mwalimu wako hakukutukana. Ameona insha za machozi zikifungua milango, naye anataka upite. Na swali lake lina haki yake: uliishi nacho. Siku ukitaka kukisema, kiseme, ila kisiwe kiingilio cha mlangoni. Mama yako naye anajitoa sadaka kwa sababu anadhani hana kingine cha kukupa. Si kila sadaka hupokewa, binti.

Sasa kazi. Huenda insha yako ni mbovu kwa sababu nyingine kabisa. "Barafu huimba" ni pambo, kila mtalii huliandika. Sema ulichosikia, ulichodhani, na ulipokosea. Kisha msomee mama yako, neno kwa neno. Asipoelewa, andika upya. Akielewa, tuma. Wakikukataa kwa kukosa machozi, nenda na madarasa ya kawaida, kisha kamgongee mlango msimamizi wa maabara hiyo mpaka achoke kukufukuza.

Shangazi Dorte

Shangazi,

Nimemsomea mama mezani. "Imba" nimeifuta. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na povu, kisha akauliza, "Na mimi niko wapi humo?"

"Kibandani, umeshika mshipi."

"Nimevua kitu?"

"Hapana."

"Mwongo wewe! Nilivua wawili!" Akacheka kile kicheko. Nikaongeza samaki wawili.

Bi. Kessler ameniambia nitajuta. Nimemwambia nitajuta mwenyewe, mama hahusiki. Sijui kama watanichukua. Insha ya barafu nimeshaituma.

Britta