Vichujio Viwili Dirishani

Mwananyamala, Dar es Salaam

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na mvua za Bukoba zimekuachia nafasi ya kuanika maharage. Mie mzima, ila joto la huku halina adabu.

Uliniuliza kwenye simu mbona nimepoa. Sababu ni hii.

Maabara yetu hapa Kinondoni ina mashine ya kuchambua chembe za damu. Chembe zilizotiwa rangi hupita moja moja mbele ya mwanga mkali, zinang'aa, na vioo vidogo viitwavyo vichujio huruhusu kila kimoja rangi yake tu. Ndivyo madaktari wanavyotambua aina ya saratani ya damu. Unyevu wa Dar huviharibu, kwa hiyo mkuu wetu, dada Hamida, aliniagiza nivitoe nivikague. Mama, vinashangaza! Ukikielekeza kimoja dirishani, mtaa mzima unageuka rangi moja.

Viwili maandishi yake yalikuwa yamefutika, nikavirudisha kwa kukisia kwa jicho. Kesho yake mashine ikafeli jaribio tunalolifanya kabla ya kupima damu ya mgonjwa yeyote. Majibu yakasimama, ndugu wa wagonjwa wakajaa mapokezi, na mie sielewi, maana vioo vilikuwa safi kabisa.

Hamida akavichomoa, akaviinua kwenye taa. "Revelian, umevibadilisha nafasi. Hiki kijani, hiki cha chungwa. Huoni?"

Sikuona. Kwangu vilifanana, kimoja kimefifia kidogo tu. Akadhani namtania. Akaleta vifuniko vya chupa, akaniuliza rangi zake; nilipokosea, akanituma kwa daktari wa macho.

Daktari wa macho amethibitisha: tangu nizaliwe, kijani na nyekundu zinanichanganya. Niliogopa kufukuzwa, lakini Hamida ameamua vichujio vipimwe kwa kifaa kinachosoma mwanga kwa namba, na mie ndiye nikisimamie.

Sasa lile lililonifanya niandike. Daktari anasema mtoto wa kiume huirithi hali hii kwa mama, hata kama mama mwenyewe anaona vizuri, na huenda kaka zake mama wanayo. Nikamkumbuka mjomba Adelard. Babu alikuwa akimchapa kwa kuchuma kahawa mbichi za kijani pamoja na nyekundu zilizoiva, na hadi leo mnamwita mvivu. Mama, nadhani alikuwa hazitofautishi.

Mpelekee tawi la kahawa, umuulize kwa upole zipi zimeiva. Tafadhali usicheke. Akikosea, mwambie mpwa wake naye angekosea hizo hizo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, ukianza na yeye.

Mwanao,
Revelian