Sare ya Darasa la Tano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu amelazwa, ila mdomo wake haukulazwa.

Alipasuliwa Jumanne, kwa saa saba. Daktari alinionyesha picha: uti wa mgongo uliopinda digrii themanini sasa umeshikiliwa na fito mbili za chuma, zimekazwa kwa skrubu. Zimebaki digrii ishirini na tano; alisema wangelazimisha zaidi wangegusa neva. Alipozinduka aliambiwa achezeshe vidole vya miguu. Vyote kumi vilicheza, nami ndipo nilipokaa chini. Jana alisimama, akapimwa, ameongezeka sentimita sita. Akamwambia muuguzi kwamba kuanzia sasa mimi ndiye nimwite yeye dada.

Nilimfikishia daktari swali lako la zile ndoo za maji. Alisema ndoo hazipindi uti. Hukumharibu wewe, Mama. Akaongeza kwamba tatizo lingeonekana mapema, pengine mkanda mgumu wa kuvaa kiwiliwili ungetosha. Akaniuliza lilianza kuonekana lini. Nikamjibu miaka miwili iliyopita.

Nilidanganya. Nilipomshonea sare ya darasa la tano, miaka mitano iliyopita, pindo lilipanda upande mmoja. Nikadhani nimekosea kukata. Nikampima upya: bega la kulia lilikuwa juu, ubavu umetokeza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua duka, na sikutaka nguo yangu ichekwe. Nikashusha pindo vidole viwili, nikatia sponji bega la kushoto, sare ikakaa. Wallahi sikuona ugonjwa, niliona kipimo. Mwaka uliofuata niliona, lakini nikaogopa kuulizwa mbona nilinyamaza. Nikazidisha sponji, nawe ukanisifu mbele ya wageni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Namshukuru Mungu kilio hakikufika.

Miaka miwili umejilaumu kwa ndoo, nami nakusikiliza huku nikishona. Nisamehe, Mama. Naona haya hata kuandika.

Mwenyewe bado hajui. Ameniomba gauni la kubana, la kwanza maishani mwake. Nitamwambia Ijumaa, kabla hajaruhusiwa kutoka. Nakuomba uwe umefika, maana huenda asitake niwe mimi wa kumshika mkono akishuka ngazi.

Nisalimie wote nyumbani, na shangazi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Fundi