Sura ya Baba Kwenye Pakiti ya Uji

Changamwe, Mombasa

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka huku kwenye joto. Mguu wako umepoa? Chai inachumwa vizuri hapo Birongo? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia, nawe ungeanza kulia, tusielewane.

Mama, baba hakuwa anakula sukari kwa siri. Mwambie hivyo leo. Najua daktari wa Keroka alimgombeza alipolazwa kwa ugonjwa wake wa sukari, na wewe ukaficha asali. Kumbe ni ule uji wa pakiti anaokunywa, tunaotengeneza huku kazini; usimpe tena.

Unakumbuka bosi wangu, Bwana Fadhili, alivyokuja nyumbani na mpiga picha? Ulimchinjia kuku. Alimshika baba mkono akamwambia, "Mzee, wewe ni baba yangu pia." Wakati ule unga ulikuwa wimbi tupu, na baba alikuwa na nguvu. Ndiyo maana alikubali sura yake iwekwe kwenye pakiti.

Wimbi lilipopanda bei, walilipunguza. Wakajaza wanga mweupe wa kiwandani, rangi ya kahawia, na dawa ya kutia utamu. Pakiti haikubadilika. Mimi nilikuwa nafungasha tu, sikujua hadi nilipohamishiwa chumba cha kuchanganyia. Dada anayepima unga alinieleza kwamba wanga ule ukifika tumboni unageuka sukari upesi.

Nilimwendea Fadhili ofisini.

"Kwenye pakiti tumeandika 'bila sukari', na sukari hatujaweka," akasema.

"Na baba yangu aliyelazwa?"

"Moraa, mgonjwa anapaswa kumwuliza daktari wake. Tumeandika hapo chini, kwa herufi ndogo."

"Mama yako pia ana ugonjwa wa sukari. Anakunywa huu uji?"

Akajibu, "Mama yangu hanywi vitu vya pakiti."

Mama, huyo mtu alikula kwetu! Nilimwomba basi aondoe picha ya baba. Akasema baba alitia sahihi, picha ni ya kampuni.

Nimeacha kazi. Nilipeleka pakiti mbili kwenye ofisi ya serikali inayokagua vyakula. Walizipokea, wakaniambia nisubiri. Kwa sasa nafulia watu nguo, usiwe na wasiwasi.

Lakini uji bado uko madukani, na watu wa kanisa letu wananunua kwa sababu wanamjua baba. Mwombe baba asimame mbele yao Sabato hii aseme kwa mdomo wake kwamba hanywi tena, na kwa nini. Najua ataona aibu. Mwambie aibu si yake. Na wewe usimame naye, tafadhali.

Nisalimie mama mdogo wa Ogembo, yeye pia anampa mumewe mwenye ugonjwa wa sukari uji huo, hivyo usichelewe kumpigia. Msalimie shangazi anayemsaidia baba kuoga. Baba mwenyewe mshike mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yenu, mwenye uchungu na upendo,

Moraa