Kazi ya Murwaza

Buyenzi, Bujumbura

Mudogo wangu Muadh,

Asalam alaykum, we mufalme wa mawese. Habari za Rumonge, habari za shemeji yangu, na lile tumbo lako je? Bado linatangulia kuingia mulangoni, we unafuata? Mi kaka yako ni muzima kutoka kichwani hadi gotini. Ya chini ya goti ndiyo yamenishikisha kalamu. Kwa simu siwezi. Kwa simu mudomo wangu unacheka wenyewe, na we unaamini.

Unajua tangu mama Marwa afariki nimegeuka murwaza wa mutaa muzima. Mutu akiugua na hana wa kukaa kando ya kitanda chake, wananiita. Nabeba termosi, nabeba karatasi zake, nakaa naye kwenye benchi ya kituo cha afya na kumuchokoza hadi asahau homa. Epiphanie, muuguzi anayefunga vidonda, kila nikiingia huniuliza: leo umetuletea nani, muzee Sulemani? Na Elsa, yule muuza samaki wa ndagala jirani yangu, husema niliowasindikiza wengi wameishia makaburini, kwa hiyo yeye akiugua nisimusogelee.

Basi, kabla ya mvua kuanza nilikanyaga kaa la moto jikoni. Sikulisikia kwa muguu, Muadh, nililisikia kwa pua. Nilidhani jirani anachoma nyama, nikamuonea wivu! Kidonda kikafunguka, kikakataa kufunga. Nikaenda kituoni, nikakaa benchi. Epiphanie akauliza kama kawaida, leo nimemuleta nani. Watu wote wakanigeukia, midomo tayari kwa kicheko. Nikasema mugonjwa wangu yuko nyuma, anatembea polepole kama konokono mwenye mimba. Wakacheka. Nikamungojea huyo mugonjwa ambaye hayupo, kisha nikarudi nyumbani nikichechemea. Nikaenda tena siku nyingine, nikasema vilevile. Na tena. Niliona haya. Ningewaambiaje kwamba leo nimejileta mwenyewe?

Harufu ndiyo ilinisaliti. Siku moja Elsa alikuja kupimwa malaria, akakaa pembeni yangu, akaziba pua kwa kitenge, akaniuliza kama nimeiba ndagala zake nikazificha ndani ya kiatu. Kisha akatazama chini, akanyamaza. Elsa, anyamaze! Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Akamuita Epiphanie.

Epiphanie alinivua kiatu, akapima sukari, akasema hiyo ndiyo imeutia muguu ganzi, akafungua kitambaa nilichofungia kidonda. Alikasirika hadi akanigombeza kama mutoto. Alisema ningemuonyesha tangu mwanzo angekisafisha, angenipa dawa na randevu za kurudi kufungwa kidonda, na pengine kingepona. Akanipa randevu hizo, na hizo sikukosa hata moja, uliza mutu yeyote. Lakini kidole cha muguu kikawa cheusi, na ule weusi ukapanda kama maji ya ziwa kule Gatumba, haubishi hodi.

Ndipo akaniandikia karatasi ya transferi kwenda hospitali kubwa, kwa maana bila hiyo wanakurudisha ukaanzie kituoni. Aliandika kichwa kimeinama. Nikamuambia asilie juu ya karatasi, wino ukifutika nitapelekwa wodi ya uzazi. Akacheka huku machozi yakishuka, akanigonga mugongoni kwa ile karatasi.

Huko hospitali nilipokewa na dokta Trésor, kijana mupole, bado ndevu zinamukataa. Alisema Jumatano ijayo muguu utakatwa chini ya goti, la sivyo utaondoka na mwenyewe. Nikamuuliza anakata kwa kilo au kwa jumla. Hakucheka. Aliniuliza murwaza wangu ni nani. Muadh, nimekaa kando ya vitanda vya nusu ya muji huu, na mwenyewe sikuwa na murwaza. Binti yangu Marwa yuko Oman anapika kwa watu, hawezi kutoka kabla mukataba wake haujaisha. Nikataja jina lako. Nikasema mudogo wangu yuko njiani. We ulikuwa umekaa kwako unapima mawese, hujui lolote.

Sasa sikia ile ambayo sijamuambia mutu. Sikuiti uje kuninywesha uji, uji Elsa ameapa ataleta hata nikimutukana. Dokta alieleza kwamba muguu ukishakatwa, familia ndiyo inaupokea. Na sisi Waislamu, unajua, tunaufunga kitambaa, tunauzika. Mi nitakuwa nimelala. Nani atanyoosha mikono aupokee? Nani atachimba? Nimezika watu bila kutetemeka, leo naogopa muguu mumoja. Naogopa utakosa mwenyewe, wautupe na takataka. Muguu huo ndio ulikimbia vita na we mugongoni hadi Uvira kule Kongo, tulipomuacha mama yetu nyuma na we ukilia unamutaka. Hukumbuki, ulikuwa mudogo. Mi nakumbuka uzito wako.

Njoo, mudogo wangu. Sikuombi kitu kingine. Uuzike kando ya mama Marwa, upande wa kushoto, lakini usichukue nafasi yote. Mwenyewe atafuata.

Unisalimie shemeji na watoto, na uwaambie bamukubwa wao bado ana mudomo. Barua hii anakuletea Ilyasi dereva. Nimemuambia kiti cha mbele asimupe mutu hadi akuone we. Akikuta umekula, panda hivyohivyo. Akikuta hujakula, panda pia, tumbo hilo lina akiba.

Mungu akulinde barabarani.

Ni mi kaka yako, mwenye miguu miwili hadi Jumatano,

Sulemani