Kikao cha Dharura Kuhusu Usahaulifu wa Dorika na Shahidi Anayetakiwa Dodoma

KIKUNDI CHA WAFUGAJI NYUKI TUMAINI, MGORI
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ghala la asali

Waliohudhuria:
Abraham Kefa – Mwenyekiti
Agripina Paschal – Katibu
Mathayo Amosi – Mjumbe
Cecilia Godfrey – Mjumbe
Dorika Alute – Msimamizi wa ghala, anayejadiliwa

Hakuhudhuria:
Ritha Yohana – alituma taarifa kwamba anaumwa mgongo. Alionekana akipita na jembe begani.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kuwataka wajumbe waongee kwa adabu. Sala ilizingatiwa.

KUMB. NA. 2/2025: MALALAMIKO
Ndg. Mathayo alieleza kwamba Ndg. Dorika aliacha ndoo za asali wazi, nyuki wakaja kuchukua mali yao, na wanunuzi kutoka mjini walipofungua mlango walikimbia hadi barabarani. Alisema si mara ya kwanza, na akapendekeza avuliwe uanachama. Alizungumza kwa uchungu mkubwa wa kikundi. Kwa taarifa tu, shemeji yake ameomba nafasi hiyo ya ghala.

Ndg. Dorika alikubali kosa. Alisema alikuwa akifunika ndoo ya kwanza, akakumbuka kamba ya mzinga iliyokatika, akaifuata kamba, na ndoo zikamtoka kichwani.

KUMB. NA. 3/2025: UTHIBITISHO WA DAKTARI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba Ndg. Dorika alisikia redioni habari za ADHD, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika jambo moja, akajitambua. Kamati, kwa huruma yake, ilimtaka alete uthibitisho wa daktari, kana kwamba daktari anauzwa gengeni.

Ndg. Dorika alitoa taarifa. Zahanati walimpima malaria. Hakuwa nayo, wakampa panadol na pole. Kituo cha afya, mhudumu alimsikiliza huku akimchoma mtoto sindano, akamshauri apunguze mawazo. Hospitali mjini, mtaalamu wa afya ya akili alikuwa semina. Aliporudi tena, mtaalamu alikuwepo, na foleni ilikuwa imefika getini. Zamu yake ilipofika alielezwa kwamba ADHD ni ya watoto.

"Mtoto yuko wapi?" mtaalamu aliuliza.

"Mtoto nilikuwa mimi," alijibu, "ila hakuna aliyenileta."

Mtaalamu alimwangalia, akaacha kuandika, kisha akampa rufaa ya Dodoma. Huko daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Ndg. Dorika alisema lilimliza. Lakini alimwambia arudi mwezi Oktoba na mtu aliyemjua utotoni, kwa sababu lazima ithibitike kwamba hali hiyo ilianza zamani.

Ndg. Cecilia aliuliza inakuwaje mtu anayetibiwa kusahau apangiwe kukumbuka Oktoba. Ndg. Dorika alisema swali hilo hata yeye alisahau kuuliza.

KUMB. NA. 4/2025: SHAHIDI
Ndg. Dorika alieleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mjomba wake, ambaye ndiye Mwenyekiti. Hana mwingine wa kwenda naye.

Mwenyekiti alisema hawezi kupanda basi kwenda kushuhudia ugonjwa usiokuwepo. "Huyu haumwi. Yuko hivi hivi tangu mtoto!" Alitoa mifano. Utotoni Ndg. Dorika alitumwa maji, akarudi na kiota cha ndege, ndoo akaiacha kisimani. Mbuzi walimaliza mtama wa jirani yeye akifuata siafu. Shuleni alirudishwa nyumbani kwa kutotulia. "Nilimchapa mpaka nikachoka mimi. Hakubadilika."

Ndg. Dorika alisema, "Mjomba, hayo ndiyo daktari anayoyataka. Ungeyasema hivyo hivyo."

Mwenyekiti alimwomba Katibu ayafute aliyosema. Katibu alieleza kwamba kalamu ni ya wino.

Ndg. Mathayo aliuliza kama Dodoma kuna dawa. Ndg. Dorika alijibu kwamba aliambiwa huenda isiwepo.

"Sasa unahangaikia nini?"

"Nilichapwa kwa kuonekana mjeuri, na mimi mwenyewe nimekuwa nikijiita mjeuri mpaka leo. Nikiambiwa haukuwa ujeuri, itanitosha."

Ndg. Mathayo aliondoa mwenyewe pendekezo lake, jambo ambalo halijawahi kutokea katika kikundi hiki.

MAAZIMIO: Ndg. Dorika abaki mwanachama na ahamie kukagua mizinga msituni, ambako wote walikiri hakuna anayemfikia kwa kutambua nyuki wanaotaka kuhama. Ghala asimamie Ndg. Mathayo mwenyewe, kwa kuwa analionea uchungu. Ndg. Mathayo alisema ana shughuli nyingi. Kamati ilimpongeza kwa uteuzi.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA KIKAO
Kabla ya kufunga, Mwenyekiti aliuliza basi la Dodoma linapita saa ngapi. Ndg. Dorika alisema hakumbuki.

Mwenyekiti aliangalia mikono yake. Kisha akasema, "Basi usihangaike kukumbuka, mwanangu. Siku ikifika nitakupitia."

Kikao kilifungwa saa kumi jioni. Sala ya kufunga haikusomwa, kwa kuwa Mwenyekiti, ambaye ndiye husali, alikuwa ametoka nje kwanza.

A. Kefa ………………… Mwenyekiti
A. Paschal ………………… Katibu