Gauni Lililofumuliwa

Mayoni, Matungu,
Kakamega.
9 Oktoba 2025

Mpendwa kaka yangu Isaiah,

Nianze kwa kukuomba msamaha. Barua yako ilinifikia mahindi yakiwa bado machanga, na sasa tumeshavuna na kukausha. Sikuwa nimekukasirikia. Ni huyu mtoto. Analianga mpaka nasahau kama nimekula, na kila nikishika kalamu yeye anajua. Saa hii amelala, kwa hivyo naandika mbio.

U mzima lakini? Hilo joto la Lodwar limekuachia nyama mwilini? Bado unatengeneza pampu za sola, ama wamekupa kazi ya kivulini? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kidogo, ila kwaya hajaacha. Wandera wangu bado anakata miwa, anarudi jioni mweusi kama chungu. Mtoto ana meno mawili na ananing'ata nayo.

Umeona hapo juu nimekuandika Isaiah, jina ulilojichagulia. Nimelifanyia mazoezi nikinyonyesha. Siku moja lile la zamani, Nasambu, likiniponyoka, usinune. Nimekuita hivyo tangu tukilala kitanda kimoja kama dada wawili. Sikudanganyi, mambo yako mengine bado siyaelewi. Lakini kati ya kukuelewa na kukupenda, mimi nimeanza na hilo la pili.

Sasa sikia. Jumapili ya kwanza ya Desemba tunampeleka mtoto kanisani akaombewe. Tumenunua kitambaa cha sare ya familia, cha samawati chenye maua meupe. Wanawake gauni, wanaume shati. Wiki jana mimi, Mama na Shangazi Zilpah tulienda kwa Phanuel, yule fundi wa cherehani wa hapa sokoni, kujaribu zetu. Tukakuta gauni moja zaidi limening'inia, lina lesi shingoni.

"Hii ni ya nani?" Mama akauliza.

"Ya Nasambu," Shangazi akasema huku akitabasamu. "Nimempa fundi kipimo cha Lynette, hao wanatoshana. Akiona vile imependeza, ataona haya kuikataa."

Nilikumbuka ile Krismasi, Mama alivyokuambia uvae gauni ama usisimame nasi mbele ya kanisa. Ukala obusuma, ugali wako, jikoni peke yako, na kabla ya chai ukawa umeenda. Nilijua ukisikia habari za hilo gauni, hatutakuona tena.

Mama akakaa kwenye benchi. Akaliomba lile gauni, akalilaza mapajani. Halafu akasema, "Zilpah, siku Lynette alipokuwa leba pale hospitali ya Mukumu, mimi nilipiga magoti huko nje. Sikumwambia Mungu anipe msichana ama mvulana. Niliomba tu atoke mtu, awe hai. Na huyu wa Lodwar nilimwomba vivyo hivyo, nikapewa. Sasa mimi nimemfukuza kwa sababu ya nguo. Phanuel, fumua."

"Mama, na lesi nimeshashona!"

"Lesi pelekea bibi yako. Fumua, ukate shati."

Kaka, nilicheka mpaka mtoto akaanza kucheka huko mgongoni. Phanuel anasema kitambaa kitatosha shati lako, na kipande kitakachobaki atamshonea mtoto kashati. Shangazi alinuna njia nzima. Tulipofika kwa geti lake akasema ingokho, kuku wa kuchinjwa siku hiyo, atamtoa yeye, lakini asiulizwe maswali. Huyo ndiye Shangazi. Ipokee hivyo hivyo.

Usifikiri yote yamekuwa rahisi. Wako watakaonong'ona. Pasta Cornelius tulimwendea, akatuambia kuna mengi hapo ambayo yeye mwenyewe bado anamwomba Mungu amfundishe, lakini mlango wa kanisa si wake kuufunga. Mimi nimeridhika na hilo. Na wewe nakuomba, usije na hasira ya ile Krismasi. Mama akikuomba msamaha, mwache amalize, hata akilia. Usimkatize.

Na kubwa zaidi ni hili. Juzi wakwe zangu walikuja kupanga hiyo siku, wakauliza mjomba wa kumbeba mtoto kwenda mbele ni nani, maana walivyojua wao, tulizaliwa mabinti wawili tu. Mama akajibu kabla chai haijamiminwa: "Mjomba wake yuko Lodwar. Anaitwa Isaiah. Anakuja." Wandera akaitikia "Amina!" kama yuko ibadani.

Basi Mama anakusalimu sana, na Wandera pia. Shangazi Zilpah anakusalimu "kidogo", ndivyo alivyosema. Mungu aliyekutunza kwenye hilo jua akutunze na njiani, akufikishe kwetu ukiimba.

Wako akupendaye hata akiwa na usingizi,
dada yako Lynette.

Nusura nisahau. Barua hii inaletwa na Weldon wa lori la sukari. Akirudi mpe samaki wakavu wa ziwa la huko, kilo mbili hivi, Mama amewatamani. Mpe na kikapu cha ukindu chenye kifuniko, niweke nguo za mtoto. Kikikosa kifuniko, acha. Na vipimo vyako, vya kweli, si vya kukadiria: mabega, kifua, urefu wa mkono. Na shingo. Phanuel anasema kola ya shati haikisiwi.